Ndoana za samaki wakubwa: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Ingia duka lolote la zana za uvuvi mjini Malindi, uliza ndoana ya samaki mkubwa, na utashushiwa ile kubwa kupita zote zilizoning'inia ukutani. Muuzaji hana nia mbaya. Umesema mkubwa, naye amekupa kubwa. Lakini nguru wa kilo kumi na tano hapotei kwa sababu ndoana ilikuwa ndogo. Hupotea kwa sababu ncha haikuingia, au amekata nailoni kwa meno, au chuma kilikuwa laini kikafunguka alipogeuka kukimbia. Ukubwa ni jambo la nne, na mara nyingi ndoana kubwa mno ndiyo inayomfanya samaki aguse chambo kisha aende zake.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama pori mwaka 1977, kwa hiyo mtu wa pwani anayetaka kupimana nguvu na windo zito hana pa kwenda ila baharini. Na bahari yetu haina ubahili. Kati ya Malindi na Lamu, mbali na ufuo, sakafu ya bahari inainuka, na wakati wa kaskazi mkondo unaoshuka kutoka Somalia hukutana na ule unaopanda kutoka kusini. Maji baridi yenye rutuba hupanda juu, dagaa hukusanyika, na nyuma ya dagaa wanakuja sehewa, jodari, fulusi, nguru, sulisuli na nduwaro. Ndiyo maana boti za wageni hujaa Malindi na Watamu kuanzia Novemba hadi Machi, na ndiyo maana mashua za Kizingitini na Kiwayu hazikosi kazi miezi hiyo hiyo.

Mwongozo huu ni wa mtu anayevua kwa mshipi, kwa mkono au kwa fimbo, akiwa ndani ya mashua au boti la faiba. Wa nyavu atafute kwingine.

Namba kwanza

Hapa ndipo watu wanapopotezana, hasa anapotumwa kijana dukani kwa simu. Kuna mpangilio wa namba aina mbili. Ndoana zenye mkwaju na sifuri, yaani 1/0, 4/0, 8/0, hukua kadiri namba inavyopanda, kwa hiyo 8/0 ni kubwa kuliko 4/0. Zile zenye namba tupu zinakwenda kinyume: namba 6 ni kubwa kuliko namba 10, na namba 15 ni ya kuvulia changu wadogo. Ukimwambia mtu "niletee nane" bila kusema nane gani, usimlaumu akirudi na kitu usichokitaka.

Tena hata mkwaju na sifuri si kipimo cha dunia nzima. Kila kiwanda kina kipimo chake, na kwa ndoana za duara tofauti ni kubwa kiasi kwamba 8/0 ya kiwanda kimoja hutoshana na 6/0 ya kingine. Dawa ni rahisi. Weka mfukoni ndoana ya zamani iliyowahi kukupatia samaki, uilaze juu ya ile mpya. Angalia uwazi uliopo kati ya ncha na shina. Huo ndio unaokamata, urefu wa shina si hoja. Kisha fikiria chambo chako. Ukishakivika kwenye ndoana, ncha na sehemu nzuri ya uwazi vinapaswa kubaki wazi. Kibua mnene kwenye ndoana nyembamba huifunika ncha yote, na hapo umemlisha samaki bure.

Kwa makisio ya maji yetu: nguru na fulusi, 6/0 hadi 8/0. Sulisuli kwa chambo cha chuchunge, duara ya 7/0 au 8/0 inatosha, ingawa samaki mwenyewe ni mrefu kumpita mvuvi. Kolekole mkubwa na chewa wa mwambani, 8/0 kwenda 10/0, na chuma kiwe kinene. Jodari ana macho makali, kwa hiyo ukitumia kibua hai shuka hata 6/0. Samaki huyu ataikataa ndoana kubwa hata akiwa na njaa.

Nafasi ya kwanza: ndoana ya duara, ya chuma kilichopakwa bati

Najua wapo watakaopinga, hasa wazee waliovua maisha yao yote kwa ndoana ya umbo la J. Wacha wapinge. Kwa anayevua kwa chambo, kilicho hai au kilichokufa, sioni ya kuipita.

Ndoana ya duara ncha yake imegeuka kurudi ndani, inaelekea shina. Ukiitazama unaweza kusema haitamkamata mtu yeyote. Siri yake iko katika namna inavyofanya kazi: samaki anameza chambo, anageuka kuondoka, mshipi unakaza, na ndoana inateleza kutoka kooni bila kushika kitu hadi ifike pembe ya mdomo. Hapo ncha inapata ukingo wa taya, ndoana inazunguka, na samaki amefungwa mahali pagumu ambapo nyama haichaniki kwa urahisi. Sharti lake ni moja, na ndilo linalowashinda watu. Usishtue mshipi. Aliyezoea kunyakua kwa nguvu mara anapohisi kuguswa atamnyang'anya samaki chambo mdomoni. Acha mshipi uende, hesabu pole pole, kisha kaza kwa mvuto mmoja usiokatika. Mkono wa mvuvi wa mshipi hufanya hivyo vizuri kuliko fimbo.

Kuna faida mbili zaidi. Kwanza, kwenye zulumati, ule mshipi mrefu wa ndoana nyingi unaoachwa usiku, hakuna mtu wa kushtua, na duara hujikaza yenyewe. Pili, samaki unayetaka kumwachia, au kasa aliyejiingiza kwa bahati mbaya, hushikwa mdomoni na si tumboni. Wanaovua sulisuli kwa mchezo, wakamtia alama na kumrudisha baharini, wameihamia ndoana hii kwa sababu hiyo, na nchini Marekani, upande wa Atlantiki, mashindano ya samaki wa jamii ya sulisuli na nduwaro yanalazimishwa kuitumia kwa chambo cha asili tangu 2008. Na kasa ukimpata, usimng'oe ndoana kwa hasira. Watamu kuna shirika la Local Ocean Conservation linalowapokea na kuwatibu.

Jambo la kuangalia dukani: ilaze ndoana juu ya kaunta. Ikilala bapa kabisa, ncha na shina katika usawa mmoja, ndiyo unayoitaka. Ncha ikiinuka upande, imepindishwa, na duara iliyopindishwa sana hurudi kushika kooni kama ndoana nyingine yoyote, kwa hiyo faida uliyoilipia imekwenda.

Udhaifu wake ni nguru. Nguru hamezi, anakata. Anapita kwa kasi, anakichana chambo vipande viwili, anarudi kuokota mkia. Duara haipati nafasi ya kuzunguka.

Nafasi ya pili: umbo la J, iliyonyooka, ya chuma kilichogongwa bapa

Hii ndiyo ya kurambazia, yaani kuvuta chambo au sanamu ya chambo nyuma ya chombo kinachotembea. Kwa nguru na fulusi ni ya kwanza bila ubishi, na kama maisha yako yote ni kurambaza basi badilisha nafasi ya kwanza na ya pili, sitakukatalia.

Tazama upinde wake, pale chini panapojikunja. Ndoana iliyogongwa imebanwa pande mbili ikawa bapa kidogo, na ubapa huo ndio unaoizuia kufunguka. Ya waya wa mviringo mtupu, unene ule ule, hufunguka mapema zaidi. Shina liwe limenyooka na ncha isipindwe upande, maana ndoana iliyopindwa hulifanya chambo lizunguke majini, mshipi ukajisokota, na samaki akaona kioja badala ya chakula.

Kwa nguru funga mbili. Ya mbele ipite kichwani mwa chambo, ya nyuma ifungwe kwa kipande kifupi cha waya na ikae karibu na mkia. Ukihesabu nguru unaowapata, utakuta ile ya nyuma ndiyo iliyofanya kazi mara nyingi. Kwa hiyo usibanie pesa kwa ile ya nyuma ukaweka kuukuu. Wengi hufanya hivyo na sielewi mantiki yake.

Nafasi ya tatu: ndoana ya kawaida iliyopinda upande, kichwa bapa kisicho na tundu

Hii ndiyo inayouzwa kwa kiganja, na ndiyo iliyolisha pwani hii. Kwa mshipi unaoshushwa chini, kwenye mwamba, kwa changu na chewa wa kawaida, haina tatizo lolote. Bei yake ndogo ina maana pia, kwa sababu mwamba unakula ndoana na hutaki kulia kila ikinasa. Kwa samaki mkubwa shida iko kichwani. Badala ya tundu kuna ubapa, na nailoni hufungwa kwa kuzungushwa chini yake. Nailoni ya zaidi ya milimita moja haikubali kufungwa hivyo ikakaa, na waya ndiyo kabisa. Basi itumie kwa kazi yake, usiipeleke bahari ya nje.

Nafasi ya nne: chuma kisichoshika kutu

Wageni wanaipenda kwa sababu inang'aa. Ni ghali, chuma chake mara nyingi ni laini kuliko cha kawaida cha unene ule ule, na ncha yake haikai kali kwa muda. Zaidi ya hapo, samaki akikata mshipi akaondoka nayo, atakaa nayo mdomoni muda mrefu, wakati ya bati au ya zinki ingeoza na kudondoka. Pahali pake ni kwenye sanamu za chambo za kurambazia ambazo hukaa zimefungwa wiki nyingi kwenye chumvi. Ukiinunua kwa hilo, nunua nene na uwe na tupa ya kuinoa.

Mwisho kabisa: ndoana ya ncha tatu

Iache. Ncha moja ikishika, mbili zinabaki nje zikifanya kazi ya wenzo wa kuing'oa ile iliyoshika. Kwa samaki wa kilo tatu haina neno. Kwa kolekole wa kilo thelathini itanyooshwa au itachomoka, na akiingia ndani ya boti akirukaruka, ncha mbili zilizobaki zinatafuta miguu ya mabaharia. Sanamu ya chambo ikija na ndoana ya ncha tatu kutoka kiwandani, itoe, weka moja nzuri iliyonyooka.

Jinsi ya kuipima ukiwa bado hujalipa

Mustad ya Norway imekuwa ikitengeneza ndoana tangu 1877, na pwani nzima jina hilo linaaminiwa. Gamakatsu na Owner za Japani zina ncha kali mno, VMC ya Ufaransa pia ni nzuri. Lakini jina kwenye pakiti ni jina kwenye pakiti. Pakiti za kuigiza zipo, na hata za kweli zikikaa miaka kwenye hewa ya chumvi huharibika. Fungua, angalia. Vumbi la rangi ya chungwa ndani ya mfuko, hata kidogo, linatosha kukufanya urudishe.

Nahodha mmoja wa Shela nilimkuta dukani akizipima moja moja, muuzaji kijana ameshachoka kumsubiri. Alikuwa akiishika ndoana kwa vidole viwili, anaweka ncha juu ya ukucha wa gumba la mkono wa kushoto, anaivuta taratibu bila kuikandamiza. Iliyoteleza aliitupa kulia. Iliyokwama ukuchani na kuacha mkwaruzo mweupe aliiweka kushoto. Kulia kulikuwa kumejaa.

"Ami, hizo zote zimetoka pakiti moja," kijana akamwambia.

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana nazitazama."

Aliondoka na saba tu, na sikuona ubahili ndani yake. Ukucha ndio kipimo cha ukali, na hakuna kingine kinachohitajika.

Kipimo cha pili ni cha chuma. Omba ruhusa uharibu moja, ulipie ikibidi. Ingiza upinde wake kwenye msumari uliogongwa imara, shika shina kwa koleo, uvute. Ndoana nzuri itafunguka kidogo kisha irudi ulipoachia. Ikifunguka na kubaki hivyo, chuma ni laini. Ikikatika kwa mlio, chuma kimechomwa kupita kiasi, na hiyo ni mbaya zaidi kwa sababu haitakupa onyo. Ukiwa unanunua pakiti kumi kwa ajili ya msimu mzima, kuvunja ndoana moja ni bei rahisi.

Cha tatu, kijino kile kidogo chini ya ncha kinachozuia kuchomoka. Watu hukitaka kiwe kikubwa. Kijino kikubwa kimekatwa kwa kina, na pale kilipokatwa ndipo chuma kimebaki chembamba. Ndoana zikivunjika mdomoni mwa samaki, mara nyingi ni hapo. Tena kinazuia ncha kuzama. Chagua kidogo. Cha nne, tundu la kufungia: litazame kwenye mwanga. Likiwa halijafungika sawasawa, kuna ufa kati ya kichwa na shina, nailoni itaingia humo na kukatika siku usiyoitarajia. Kwa mshipi mzito tafuta tundu lililolehemewa.

Nailoni na waya

Ndoana nzuri kwenye nailoni mbovu ni pesa iliyotupwa baharini, na nailoni ina udanganyifu mwingi kuliko ndoana. Anza na mahali ilipowekwa. Bunda lililokaa dirishani likipigwa na jua limeshaanza kufa, hata kama karatasi yake ni mpya. Omba lililokuwa ndani ya boksi. Livute mita moja, pitisha kati ya vidole. Likiwa na mikwaruzo au unga mweupe, rudisha. Pinda kipande kwa nguvu, uachie. Nzuri hujinyoosha pole pole, iliyokufa inabaki na alama ya mkunjo.

Usisome kilo peke yake, soma na unene kwa milimita. Nailoni ya milimita 1.0 kwa kawaida huandikwa karibu kilo 45, yaani paundi 100. Ya 1.6 iko karibu kilo 100. Ukiona bunda la milimita 0.8 limeandikwa kilo 80, mwandishi wa karatasi hiyo ni mtu wa ndoto. Kumbuka pia kwamba nailoni hunywa maji na kupungua nguvu kidogo, na fundo la ovyo linaweza kula karibu nusu ya nguvu yote. Nailoni inayozidi milimita 1.2 huwa ngumu kukaza fundo. Ifunge kwa vibano vidogo vya shaba au aluminiamu vinavyobanwa kwa koleo lake maalumu. Koleo la kawaida hukata upande mmoja na kuacha mwingine wazi, kwa hiyo koleo la vibano nalo liweke kwenye hesabu.

Kwani samaki wa kilo 40 anahitaji mshipi wa kilo 40? Akiwa majini hana uzito huo. Unachopigana nacho ni mvuto wa mbio zake. Mwenye fimbo ana breki ya mashine inayoachia mshipi kabla haujakatika, ndiyo maana anaweza kumtoa kwa mshipi wa kilo 15 au 25. Wewe wa mkono breki yako ni viganja vyako. Kwa hiyo nenda unene mkubwa zaidi, milimita 1.2 hadi 1.6 kwa samaki wa nje, si kwa ajili ya nguvu tu bali kwa sababu mshipi mwembamba ukikimbia mkononi unakata nyama. Mshipi wa kusuka, ule mwembamba na wenye nguvu unaosifiwa sana sasa hivi, usiushike kwa mkono mtupu kamwe. Ni mzuri kwenye fimbo. Mkononi ni kisu.

Waya ununue kwa ajili ya nguru, mzia na papa, basi. Waya mmoja mgumu wa unene wa nusu milimita hubeba karibu kilo 40 na unatosha kwa nguru wengi. Urefu wa sentimita 40 unafaa. Ukishajikunja kona, utupe, hata kama ni mpya, maana ndipo utakapokatika. Waya wa kusuka ni laini zaidi na haujikunji, ila unaonekana sana na nyuzi zake hufumuka moja moja zikichoma vidole. Wapo wanaotumia nyuzi za waya wa breki ya pikipiki. Unashika kutu ndani ambako huoni, na siku utakapokatika utadhani ni samaki wa ajabu.

Sasa, rangi ya maji inaingia kwenye ununuzi huu, jambo ambalo wanunuzi wengi hawalifikirii. Mto Sabaki unamwaga tope Malindi, na mvua zikinyesha bara bahari huwa nyekundu hadi mbali. Karibu na ukingo wa maji hayo samaki hawaoni mbali, waya hauwashtui. Ukivuka ukaingia bluu safi, jodari anauona waya kabla hajaona chambo. Hapo toa waya, weka nailoni safi ya milimita 0.9 au 1.0, na ukubali kwamba nguru mmoja mmoja atakukata. Sulisuli hahitaji waya pia. Hana meno ya kukata, ila mdomo wake ni mkavu na mkwaruzo kama msasa, kwa hiyo mita mbili za mwisho ziwe nailoni nene ya 1.5 hivi, na uzikague kila baada ya samaki.

Kati ya mshipi na waya weka kile kipande cha shaba kinachozunguka ili mshipi usijisokote. Cha bei rahisi huganda kwa chumvi baada ya siku mbili. Kizungushe kwa vidole huku umekivuta kwa nguvu. Kikigoma dukani, kitagoma baharini.

Ukiwa na pesa kidogo

Mashua yenye pesa ya kubana inunue pakiti moja ya duara 8/0 za bati kwa ajili ya chambo, pakiti moja ya J 7/0 zilizogongwa kwa ajili ya kurambaza, bunda moja la milimita 1.2, na mita chache za waya. Tupa ndogo ya kunolea inaongeza maisha ya ndoana mara kadhaa. Kila ndoana iliyogusa mwamba ipitishie tupa kutoka upinde kwenda nchani, pande mbili, mara tatu nne. Zile za Japani zilizonolewa kwa kemikali usizichokoze sana. Zikishakuwa butu hazirudi zilivyokuwa.

Nunua wakati kusi bado linavuma na chombo kiko juu. Unapata muda wa kufunga kwa utulivu, na makosa ya kufunga hutokea zaidi usiku wa kuamkia safari. Ukirudi baharini, suuza ndoana kwa maji ya kunywa, zikauke kivulini, kisha zipake mafuta kidogo. Usirudishe iliyotumika ndani ya pakiti ya mpya. Chumvi ya moja inatosha kuzishikisha kutu zote.

Papa nimemtaja kwa waya tu, na sitasema zaidi. Ng'onda, yaani papa aliyekaushwa, ni kitoweo chetu, lakini papa wanazaa kidogo na wanakua pole pole, na wale wakubwa wamepungua. Nguva, kasa, pomboo na papa nyangumi wanalindwa na sheria ya wanyama pori, kwa hiyo wakinasa ni kuachiwa. Ndani ya hifadhi ya taifa ya bahari ya Malindi, iliyotengwa tangu 1968, kuvua hakuruhusiwi kabisa, hata kwa mshipi mmoja wa mkononi. Ulizia mipaka kwa maafisa wa BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa ufuo wako, kabla hujatoka.

Kifaa cha mwisho cha kununua si cha samaki. Ni koleo la kukatia, lenye makali ya pembeni na mikono mirefu, linaloweza kukata ndoana uliyoinunua. Lijaribu pale pale dukani kwenye ile ndoana uliyoiharibu kwa msumari. Ndoana ya 8/0 ikizama kiganjani kupita kijino, hairudi ilikoingia bila kuchana nyama. Ikiwa iko kwenye nyama laini na ncha karibu imetokeza, huisukuma mbele mpaka itoke, ukakata kijino, kisha ukairudisha nyuma. Ikiwa karibu na jicho, kiungo cha kidole au mshipa wa damu, usiiguse. Kata mshipi, funga kidonda na kitambaa safi, na mpeleke mtu hospitali. Kwa vyovyote achomwe sindano ya pepopunda. Kutoka Kiwayu hadi mji wa Lamu ni safari ndefu kwa boti, na bahari ikichafuka ni ndefu zaidi, kwa hiyo koleo likae mahali kila baharia anapopajua, si ndani ya sanduku la nahodha.